Goma inahukumu viti, haihukumu kahawa

Leo nitasema jambo ambalo litawaudhi marafiki zangu wenye nyumba za kahawa. Waudhike tu. Tukimaliza kugombana tutakunywa pamoja, kama watakuwa na kahawa ya kutuuzia.

Imekuwa desturi hapa mjini. Jumamosi ikifika, vijana wanatembelea nyumba mpya ya kahawa, Himbi, Katindo ao kando ya ziwa. Wanapiga picha, wanaonja, kisha wanatoa pointi. Nyumba moja imepata tisa juu ya kumi kwa sababu ina viti vya ngozi. Nyingine imepata nane kwa sababu intaneti yake inakimbia. Ya tatu imepewa kumi kamili: taa zake ni za manjano, ukuta una maua, na mhudumu anatabasamu. Nimesoma hukumu hizo kwa miezi mingi nikitafuta neno moja tu, jina la kilima ambako kahawa ililimwa. Sijaliona hata mara moja.

Kwa hiyo nasema wazi: pointi hizo hazina maana. Nyumba ya kahawa ya Goma ambayo haiwezi kukuambia kahawa yake imetoka kilima gani imeanguka mtihani kabla wewe hujakaa. Viti vyaweza kuja kwa lori, taa zaweza kuja kwa lori. Kahawa ndiyo kitu pekee ambacho Goma ingeweza kujivunia, na ndicho kitu ambacho hakuna anayekiuliza.

Nyumba saba kwa wiki tatu

Sisemi maneno ya kusikia. Kwa wiki tatu nilitembelea nyumba saba, zote za watu wa hapa. Hakuna ya hoteli kubwa wala ya kampuni ya nje. Kila kikombe nililipa mwenyewe. Kila mahali niliuliza ulizo moja: kahawa hii ni ya wapi?

Nyumba tatu ziliniletea maji ya moto na sashe ya poda. Ni poda ile ile ya kutoka nje inayouzwa dukani kwa franga chache. Hapa imewekwa juu ya kisahani kizuri pamoja na kijiko na biskuti moja, na bei imekuwa dola mbili. Katika moja ya nyumba hizo kuna picha kubwa ukutani: mama anachuma kahawa nyekundu, kikapu tumboni. Nilimuuliza mhudumu kama poda hii imetoka kwa mama yule. Alicheka. Hakuwa na kosa, hakuna mtu aliyewahi kumfundisha jibu.

Nyumba mbili zina mashine kweli. Mashine inapiga kelele, maziwa yanatoa povu, lakini kahawa ni ya pakiti iliyokaangwa na kufungwa Ulaya. Mwenye nyumba mmoja alinionyesha pakiti hiyo kwa majivuno kwa sababu imeandikwa Kiitaliano. Papa, Italia inanunua kahawa mbichi kwenye nchi kama yetu, inaikaanga, inaiandika jina lake, kisha inaturudishia. Wewe uko karibu na shamba kuliko yeye, halafu unanunua kwake!

Nyumba mbili za mwisho zinauza kahawa ya Kivu. Ya kwanza imeandika ubaoni «kahawa ya Kivu», basi. Kivu ni kubwa. Ukiuliza ni ya Idjwi, ya Kalehe ao ya Masisi, wanatazamana. Na kahawa yenyewe ilikaangwa siku nyingi, harufu imekwisha, inanuka karatasi. Ya pili ni ndogo, meza nne tu, upande wa Ndosho. Pale niliambiwa bila kufikiri: ni ya Idjwi, ilifika kwa boti, ilikaangwa juzi. Viti ni vya plastiki. Katika hukumu zote nilizosoma, hakuna kijana aliyekwenda kuipa pointi.

Kuna na ya nane, ambayo watu hawaiiti nyumba. Ni mama wa Birere mwenye teremosi mbili na gobele za plastiki. Ananunua kahawa kidogo kidogo kwa wanawake wanaoshuka kwenye boti, anaikaanga kwa makala kwenye sufuria ya nyumbani, anaitwanga kwenye kinu, anauza gobele franga mia tano. Anajua hata kijiji. Anajua nani alimuuzia, na kwamba mara ya mwisho zilikuwamo mbegu nyingi zilizotobolewa na wadudu, akazitoa moja moja kabla ya kukaanga. Kahawa yake ilikuwa na nguvu na utamu, na ilishinda tano kati ya zile saba. Kama kalamu ya pointi iko mkononi mwangu, huyu anakaa juu ya nyumba zote za taa za manjano.

Tumezungukwa na kahawa

Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Tazameni ramani. Mbele yetu, katikati ya ziwa, kuna Idjwi. Ukifuata ukingo wa magharibi unafika Minova, halafu Kalehe, halafu Kabare, mpaka Bukavu. Milimani kuna Masisi na Rutshuru. Mbali kaskazini kuna Lubero, Butembo na Beni. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na arabika inaanza hapo na kupanda vilima. Baridi ya juu inaifanya iive polepole, na kahawa inayoiva polepole inapata utamu ambao wanunuzi wa mbali wanaulipia.

Hata ile poda ya sashe ina deni kwetu. Sehemu kubwa ya kahawa ya poda duniani inatengenezwa na robusta. Robusta inaota yenyewe katika misitu ya Congo. Karibu na mwaka 1900, nyumba moja ya kuuza miche huko Brussels ilianza kuuza miche iliyotoka Congo kwa jina hilo la robusta. Ikapelekwa Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeharibu mashamba ya arabika. Leo Vietnam ndiyo ya kwanza duniani kwa robusta. Sisi tunanunua sashe. Mtoto alitoka nyumbani kwetu, na sasa anarudi kama mgeni wa heshima, tunamwekea kisahani.

Hatukufika hapa kwa bahati mbaya tu. Mwisho wa miaka ya 1980 nchi yetu, wakati huo Zaire, ilikuwa inauza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Miaka ishirini na kitu baadaye, hesabu rasmi zilikuwa karibu tani 10,000. Mashamba makubwa yalinyang'anywa mwaka 1973 kwa zairianisation na kupewa watu ambao wengi wao hawakujua kulima wala hawakutaka. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ulivunjika, bei ikaanguka. Ugonjwa wa kunyauka ukaua robusta. Kisha 1996 vikaja vita, na tangu hapo mkulima wa Kivu hajui kama atavuna alichopanda.

Wengine walikata tamaa na soko la huku. Walipakia kahawa usiku kwenye mitumbwi, wakavuka ziwa kuiuza Rwanda. Wengi walizama. Wajane wa kahawa wako Idjwi na wako Minova, muulizeni yeyote wa kule. Ni kutokana na shida hiyo watu walianza kujipanga katika koperative. SOPACDI ilianzishwa Minova mwaka 2003. Mwaka 2013 Marcelline Budza alianzisha Rebuild Women's Hope, inayofanya kazi na wanawake wakulima wa Idjwi. Mwaka 2014 yalianza mashindano ya kuonja yanayoitwa Saveur du Kivu, ambapo waonjaji kutoka nchi za mbali walikuja kuhukumu kahawa ya vilima vyetu.

Hao waonjaji wanahukumu nini? Hawaulizi kiti. Wanauliza kituo cha kuoshea, urefu wa kilima, siku ya mavuno. Kule Ulaya na Marekani kuna maduka yanayoandika Idjwi, Kalehe ao Minova kwenye pakiti. Hapa Goma, ambapo unaiona Idjwi kwa macho, ubao umeandikwa cappuccino.

Hesabu ya kikombe kimoja

Munaolima munajua hesabu hii, lakini wanaokunywa hawaijui, basi tuiandike.

Kupata kilo moja ya kahawa iliyokaangwa kunahitaji karibu kilo saba ao nane za matunda mekundu. Kila tunda linachumwa kwa mkono, kwa sababu kwenye tawi moja lililoiva na bichi vinakaa pamoja. Kisha kumenya, kuchachusha, kuosha, kuanika kwenye meza siku nyingi, kuchambua, kukoboa, kukaanga. Kilo hiyo moja, ukitumia gramu kumi na mbili kwa kikombe, inatoa vikombe themanini hivi. Kwa dola tatu kikombe, ni dola 240.

Sisemi kwamba dola 240 zote ni faida. Kuna nyumba ya kulipa, maziwa, maji, mafuta ya gurupu umeme ukikatika, na kodi ambazo nitazirudia. Lakini muulize mkulima alipata kiasi gani kwa kilo nane za matunda, halafu weka namba hizo mbili kando kando. Hakuna anayedai agawiwe nusu. Tunadai angalau jina lake litajwe, na kahawa yake inunuliwe.

Huko Bulengo nilizungumza na mama mmoja wa Masisi. Aliacha miti ya kahawa zaidi ya mia tatu, karibu na nyumba, na alikimbia wakati matunda yameanza kuwa mekundu. Kahawa ndiyo iliyolipa masomo ya watoto wawili. Nilipomwambia kikombe cha mjini ni dola tatu aliuliza, kwa uzito kabisa, kama baada ya kunywa mtu anaruhusiwa kwenda nyumbani na kikombe. Watu waliokuwa karibu walicheka sana. Kisha akauliza ulizo la pili, na hapo kicheko kiliisha: watu hao wanaokunywa, wanajua kwamba sisi tuko hapa?

Zilikuwa kilomita chache tu kutoka hemani kwake mpaka zile nyumba za Himbi.

Majibu ya wenye nyumba, na majibu yangu

Niliwauliza wenye nyumba kwa nini hawauzi kahawa ya hapa. Sababu zao nazitaja zote, maana si watu wabaya.

Wanasema wateja wanataka poda, wamezoea. Wateja walizoea kwa sababu ndicho kitu walichopewa. Mtoto wa Goma aliyekua na sashe atafikiri kahawa ni ile. Mpe kikombe kilichokaangwa juzi, bila kuunguzwa, kisha mumuulize tena.

Wanasema kahawa nzuri yote inauzwa nje, sisi tunabakiziwa takataka. Hapo kuna ukweli. Koperative zina mikataba, na kinachobaki sokoni mara nyingi ni kahawa iliyokataliwa: iliyovunjika, iliyotobolewa, ama ile yenye ladha ya kiazi kibichi ambayo kila mtu wa Maziwa Makuu anaijua na ambayo huja na mdudu anayetoboa tunda. Lakini muuzaji wa nje anauza kontena. Wewe unahitaji gunia moja kwa miezi kadhaa. Wenye nyumba watano wakiungana kununua magunia matano mapema, kabla ya mavuno kuisha, koperative gani itawafukuza?

Wanasema mashine ya kukaanga ni ghali na umeme hauaminiki. Mama wa Birere anakaanga kwa makala.

Wanasema njia ilifungwa. Kweli. Mwaka 2024 barabara ya Sake haikupitika kama zamani, na vitu vya Minova vilikuja kwa maji. Tunajua bei ya njia hiyo. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiangalia kutoka ufukweni. Basi kama kuna watu wanaohatarisha maisha kuleta gunia Goma, na gunia limefika salama, ni aibu zaidi kulipita na kwenda kununua pakiti ya Kiitaliano.

Wanasema kodi. Hapa nawapa haki kabisa. Kila wiki anaingia mtu na karatasi, wa leo si wa jana, kila mmoja na muhuri wake. Mkulima anakutana na watu wa aina hiyo hiyo kwenye kila kizuizi. Wakubwa wanaosoma hapa wajue: gunia linalotozwa mara tano kabla ya kufika mjini linafanya sashe ya kutoka mbali iwe rahisi. Hiyo ni kazi yenu kuirekebisha. Lakini kodi haikukataza kuandika jina la kilima ubaoni. Chaki haitozwi.

Na kuna wale watakaoniambia: wakati wa vita, na watu wanalala chini ya shiti, wewe unaongea kahawa ya matajiri? Ndiyo, naongea. Kahawa ilikuwa sanduku la pesa la familia hizo hizo zilizo chini ya shiti. Ililipa shule, ilileta mabati, ilitoa ng'ombe wa mahari. Vita ikiisha watarudi kwenye miti hiyo. Kama mji mkubwa ulio karibu nao haujajifunza kununua kahawa yao, watarudi kwenye mtumbwi wa usiku.

Namna ya kuhukumu

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vijana wenye simu, ninyi ndio mumewasifu wagema. Naomba mubadili kipimo. Pointi kumi, ziko hivi.

Nne ni za asili. Uliza: kahawa ni ya kilima gani, na nani aliiuza? Wakijua kilima na muuzaji, nne. Wakijua «Kivu» tu, moja. Ikiwa ni sashe, sifuri, hata kama kiti ni cha mfalme.

Mbili ni za kukaanga. Uliza siku. Kahawa iliyokaangwa ndani ya mwezi mmoja bado ina uhai. Nusa kabla ya maji: ikinuka karanga, matunda ao sukari iliyochomwa kidogo, vizuri. Ikinuka majivu, wameiunguza ili kuficha mbegu mbaya.

Mbili ni za kikombe chenyewe. Onja bila sukari kwanza, na uiache ipoe kidogo kisha uonje tena. Kahawa nzuri inazidi kuwa tamu ikipoa. Kahawa mbaya inazidi kuonyesha ubaya wake.

Moja ni ya wafanyakazi. Je, mhudumu anaonjeshwa kahawa anayouza? Je, analipwa kila mwezi bila kungoja? Uliza kwa heshima, kando, bila kumwingiza matatani.

Moja ni ya mlango. Kuna kikombe chochote pale ambacho mwalimu, mwendesha moto ao mama aliyekimbia vita anaweza kukinunua? Si lazima kila kitu kiwe rahisi. Kikombe kimoja kidogo cha kahawa nyeusi kwa bei ya watu kinatosha.

Kwa kipimo hiki nyumba ya meza nne ya Ndosho inapata nane. Mama wa teremosi anapata tisa. Ile ya kumi kamili, yenye maua ukutani, inapata mbili: moja kwa mhudumu, ambaye kweli analipwa vizuri, na moja kwa kikombe, kwa sababu maji yalikuwa moto.

Tunachoomba

Wenye nyumba za kahawa: nunueni hata gunia moja la hapa kabla mwaka wa mavuno haujaisha. Andikeni ubaoni kilima na mwezi. Na mukitafuta watu wa kuchambua na kukaanga, musitafute mbali. Kati ya waliokimbia vita kuna wanawake waliochambua kahawa maisha yao yote. Mkono wao unaijua mbegu mbaya kabla jicho halijaiona. Wape kazi ya siku mbili kwa wiki, mulipe kwa haki, na kahawa yenu itakuwa safi kuliko ya pakiti.

Koperative: wekeni pembeni sehemu ndogo ya kahawa ya daraja la kwanza kwa Goma na Bukavu. Watu hawawezi kupenda kahawa ambayo hawajawahi kuionja.

Wazazi muliokimbia vita: munapopita mjini kutafuta kazi ya siku, simameni mlangoni pa nyumba hizo na muulize kahawa ni ya wapi. Hamuombi kitu. Ni ulizo tu, na hakuna mtu mwenye haki kubwa ya kuliuliza kuliko ninyi. Mukipata jibu, ama mukifukuzwa, tuleteeni habari redioni. Nyumba zinazojibu vizuri tutazitaja kwa jina hewani, bila malipo, mwezi ujao.